Kompyuta ya chama imejaa, daftari la madeni liko wapi?

KARANI wa chama cha msingi anapowasha kompyuta asubuhi ya siku ya malipo na kukuta ujumbe kwamba diski imejaa, foleni ya wakulima nje haitamsubiri. Kila mmoja anataka kujua kilo zake, makato ya mbegu na dawa, na kiasi kitakachobaki mkononi.

Katika vijiji kama Natta wilayani Serengeti, kwenye barabara itokayo Makutano Juu kwenda Mugumu, jambo hili si la mafundi peke yao. Mkoa wa Mara ulikuwa miongoni mwa maeneo ya kwanza kujaribu kilimo cha mkataba cha pamba mwishoni mwa miaka ya 2000. Mwaka 2018 Serikali ilielekeza pamba inunuliwe kupitia vyama vya msingi, yaani AMCOS, na mzigo wa kumbukumbu ukazidi kumwelemea karani. Wakulima wa umri mkubwa wanazikumbuka pasibuku za pembejeo. Pasibuku ikilowa au kuliwa na mchwa, aliyeumia ni mwenye nayo. Diski ya kompyuta ikifa, wanaumia wote kwa siku moja.

Tuchukue mfano wa chama chenye wanachama 400, kila mmoja akiwa amekopa pembejeo za Sh40,000. Hizo ni Sh16 milioni zilizoko shambani, na ushahidi wake umo ndani ya kifaa kinachoenea kiganjani. Kuandika upya majina na kilo kwa dakika tano kila mkulima kutachukua zaidi ya saa 33. Hiyo ni kama stakabadhi za karatasi zipo. Zisipokuwepo, yatabaki maneno ya mkulima dhidi ya maneno ya karani.

Kabla ya kununua diski kubwa, afadhali kwanza kutazama kilichoijaza ile iliyopo. Orodha ya wanachama na mizani ya msimu mzima haifikishi hata megabaiti chache. Stakabadhi zilizopigwa skana, kwa makadirio ya megabaiti moja kila ukurasa, zikiwa kurasa tano kwa kila mwanachama, ni kama gigabaiti 2 tu kwa mwaka. Diski ya gigabaiti 500 ingeweza kuzihifadhi kwa miaka mingi. Mara nyingi kinachojaza ni filamu, nyimbo na video za harusi alizoachiwa karani na marafiki. Mwenye duka la steshenari au studio ya picha ana sababu halali ya kutaka terabaiti kadhaa. Chama cha pamba mara nyingi hakina.

Inapoonekana kweli nafasi inahitajika, kompyuta ya mezani ina faida ambayo kompyuta ya mapajani haina: inafunguliwa kwa bisibisi. Kwanza huzimwa na kuchomolewa kwenye umeme, kisha fundi hugusa chuma cha kasha ili kuondoa umemetuli mwilini. Ndani anatafuta mambo matatu: tundu la SATA lisilotumika kwenye mazabodi, waya wa umeme wa ziada, na mahali pa kufunga diski kwa skrubu. Kompyuta nyingi ndogo za mtumba zina matundu mawili tu, na moja limeshikwa na kisomea DVD. Hapo DVD, ambayo siku hizi haitumiki sana, inaweza kumpisha mgeni. Kompyuta za kabla ya SATA kuenea, zenye ule waya mpana kama utepe, hazifai kugharamiwa tena.

Diski mpya haitaonekana mpaka iandaliwe ndani ya Windows. Njia ya zamani ya kuiandaa, MBR, haitumii zaidi ya terabaiti 2. Iliyo kubwa kuliko hapo huandaliwa kwa GPT. Aangalie sana hapa: anayebonyeza diski isiyo yenyewe na kuifomati amejifutia daftari kwa mkono wake.

Kosa kubwa zaidi hutokea baada ya kazi hiyo kwisha. Karani ananakili faili kwenye diski ya pili ndani ya kasha lile lile na kuamini ana nakala rudufu. Umeme ukirudi kwa kishindo huweza kuunguza zote mbili. Mwizi hubeba kasha zima. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilifunga faili za kompyuta katika nchi zaidi ya 150, zikiwamo za hospitali za Uingereza, na kudai malipo. Kirusi cha namna hiyo hufunga kila diski kinayoifikia, hata ya nje, iwapo imeachwa imechomekwa.

Mpiga picha Mmarekani Peter Krogh aliipa umaarufu kanuni ya 3-2-1: nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikiwa mahali pengine. Kwa Natta hiyo yaweza kuwa kompyuta yenyewe, diski ya nje inayochomekwa jioni ya mnada na kuchomolewa, na fleshi inayofungiwa kwa mweka hazina. Zile za nje zifungwe kwa nywila, maana zina namba za vitambulisho vya watu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka mwenye taarifa hizo azilinde.

Fleshi nazo zina mtego. Zipo zinazouzwa kwa bei ya kutupa zikiwa zimeandikwa terabaiti 1 au 2, kumbe ndani zina gigabaiti chache. Kompyuta inadanganywa: inaonyesha nafasi kubwa, inapokea faili, hata majina yake yanaonekana kwenye folda. Ukifika wakati wa kuzifungua, hakuna kitu. Programu ya bure ya H2testw huijaza fleshi yote kisha huisoma tena, na uongo hujulikana siku hiyo hiyo. Bei ikiwa chini mno kuliko ya maduka mengine, mnunuzi ajue anapewa plastiki.

Bei ya diski halali nayo haipangwi Mugumu wala Mwanza. Mwaka 2011 mafuriko nchini Thailand yalizamisha viwanda vya Western Digital, na bei zikapanda dunia nzima. Anayesubiri diski ife ndipo anunue atanunua kwa bei ya siku hiyo.

Diski ya kuzunguka isafirishwe kutoka mjini ikiwa imevingirishwa nguo, si kufungwa nyuma ya pikipiki. UPS ya kuzimia kompyuta kwa utaratibu umeme ukikatika inatosha dakika kumi. Na kabla ya mizani kufunguliwa, karani achukue ile nakala ya nje, aichomeke kwenye kompyuta nyingine kabisa, afungue deni la mkulima mmoja na kulilinganisha na stakabadhi yake.