Mchezaji akipewa rungu, nani atamsimamia?

Aliyewahi kuondolewa kwenye grupu la WhatsApp la wauza dagaa anajua uzito wa kidole cha admini. Unaamka asubuhi, jina lako halimo, na bei ya leo pale Mwaloni Kirumba huijui. Sababu hujaambiwa, na pa kukata rufaa hakuna.

Swali la nani amsimamie msimamizi liliulizwa zamani, ndani ya mchezo wa kompyuta usio na picha hata moja.

Mchezo wenyewe ulikuwaje?

Mwaka 1978, katika Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, mwanafunzi Roy Trubshaw alianza kuandika mchezo ulioitwa MUD, na mwenzake Richard Bartle akauendeleza. Watu wengi waliingia kwa wakati mmoja. Kompyuta ilikueleza kwa maneno mahali ulipo, nawe ukaandika unachotaka kufanya: nenda kaskazini, chukua upanga, zungumza na fulani.

Aliyekusanya pointi za kutosha alifika daraja la juu kabisa. Jina la daraja hilo kwa Kiswahili lingekuwa "mchawi". Hapa Kanda ya Ziwa tunajua neno hilo limeshagharimu maisha ya wazee wasio na hatia, kwa hiyo tutawaita wakuu.

Mkuu aliweza kutembea bila kuonekana, kutazama kwa siri kila alichokiona mchezaji mwingine, na kumfuta mtu moja kwa moja, jasho lake la miezi likapotea. Katika michezo ya aina ya LPMud, iliyoanza Sweden mwaka 1989, aliyefika juu alipewa hata ruhusa ya kuandika sehemu mpya za ulimwengu wa mchezo.

Tatizo liko wapi?

Pointi zinathibitisha kwamba mtu anajua kucheza. Hazithibitishi kwamba ana haki. Tena mkuu ana marafiki na mahasimu aliowapata akipanda ngazi, na akipewa rungu uhusiano huo haufi.

Huku ziwani tunalijua jambo hili. Vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi, yaani BMU, vilianza kuundwa nchini mwishoni mwa miaka ya 1990, na Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 ikavitambua. Kiongozi wa BMU anaweza kuwa yeye mwenyewe tajiri wa mitumbwi. Siku kokoro la shemeji yake linapokamatwa, afanye nini? Ndiyo maana kamati inatakiwa kuchanganya wenye mitumbwi, vibarua wa uvuvi na wachuuzi wa samaki, wanawake wakiwemo.

Wakuu wakijitoa je?

Njia hiyo ilijaribiwa Marekani. LambdaMOO, ulimwengu wa maandishi ulioanzishwa na Pavel Curtis mwaka 1990, ulikua hadi wakuu wakachoka na ugomvi. Desemba 1992 walitangaza kuwa watashughulikia mitambo tu, na migogoro wachezaji wamalize wenyewe.

Mwaka 1993 mchezaji aliyejiita Mr. Bungle aliwadhalilisha kijinsia wenzake kwa maandishi, hadharani. Wachezaji walikutana, wakabishana, wakaachana bila uamuzi. Baadaye mkuu mmoja, kwa hiari yake, akamfuta. Wengi waliona mkosaji amestahili, lakini utaratibu haukuwepo. Curtis akaanzisha maombi ya wachezaji na upigaji kura. Hata hivyo, mwaka 1996 wakuu walikiri kwamba kukaa kando kumeshindikana. Mwenye ufunguo wa mitambo ana mamlaka hata akinyamaza, maana kutotenda nako ni kuamua.

Nini kinasaidia?

Kwanza, tenganisha zawadi na rungu. Mchezaji bora apewe heshima na jina. Mamlaka apewe aliyepimwa kwa tabia.

Pili, kila hatua iandikwe: nani kamfuta nani, lini, kwa kosa gani. Wakuu wenzake waione.

Tatu, mkuu asitumie mamlaka katika mchezo anaoshindania. Akitaka kucheza, aingie kwa jina la kawaida lisilo na nguvu.

Nne, adhabu kubwa isitolewe na mtu mmoja, na aliyeadhibiwa awe na pa kulalamika kwa mtu tofauti na aliyemhukumu.

Tano, mamlaka yawe na mwisho. Anayeshindwa avuliwe bila kusubiri agombane na kila mtu.

Msikilizaji, huenda hutacheza mchezo wa maandishi maisha yako yote. Lakini kama wewe ni admini wa grupu la mtaa, la kikoba au la wazazi wa shule, rungu hilo tayari unalo mkononi. Kabla hujabonyeza "ondoa", mwandikie mwanachama sababu, na umtaje admini mwingine anayeweza kumsikiliza. Kama admini mwingine hayupo, anza na kumteua.