Vuli ya Voi huanza kupimwa baharini

Mkulima wa Sagalla au Kasigau akingoja vuli hutazama mawingu. Lakini dalili za mvua hiyo huanza kuonekana wiki nyingi kabla, kwenye kimo cha Bahari Hindi, na wa kuziona ni setilaiti zilizo juu mno. Sentinel-6 Michael Freilich, iliyorushwa Novemba 2020 na mashirika ya Marekani na Ulaya, huzunguka dunia kilomita 1,336 juu yetu. Hutuma mawimbi ya rada, yakagonga maji na kurudi. Muda wa safari hiyo ndio unaotoa kimo cha bahari, kosa likiwa la sentimita chache tu. Kazi hii ilianza na TOPEX/Poseidon mwaka 1992.

Kwa nini kimo? Maji yakipata joto hutanuka, bahari ikainuka. Vipimo vya joto kutoka angani huona maji ya juujuu tu. Kimo hufichua joto lililojazana chini, ambalo halipotei haraka. Miaka mingine pepo za mashariki husukuma maji ya joto kuja kwetu: bahari ya upande wa Afrika hupanda, ya Sumatra hushuka, na vuli hufurika. Ndivyo ilivyokuwa 1997 na 2019. Mambo yakigeuka, kama 2022, mvua huadimika. Kati ya Februari na Oktoba mwaka huo, ukame ukiwa tayari umeanza misimu iliyotangulia, Shirika la Huduma kwa Wanyamapori lilihesabu ndovu 205 waliokufa kwa ukame nchini Kenya, na Tsavo iliumia sana.

Afya nayo imo. Mayai ya mbu wanaoeneza homa ya Bonde la Ufa hukaa miaka kwenye udongo mkavu, yakisubiri mafuriko. Mwaka 2006 wanasayansi waliosoma joto la bahari na kijani cha mimea kwa setilaiti walitoa onyo kabla ya wagonjwa wa kwanza kugunduliwa Garissa mwezi Desemba. Ng'ombe na mbuzi wanapaswa kuchanjwa mapema. Ugonjwa ukishaingia zizini, sindano inayotoka mnyama hadi mnyama yaweza kuusambaza.

Masika hayafuati bahari kwa utiifu huo. Ila nyanda za chini za Voi hutegemea vuli kwa mahindi na pojo, ndiyo maana utabiri wa Idara ya Hali ya Hewa unafaa kusomwa barazani kwa chifu, kwa Kidawida na Kisagalla, kabla watu hawajanunua mbegu.