Je, Wajua? Nguvu ya gari la jeshi haiko kwenye injini

Je, wajua kwamba Toyota IST iliyokwama kwenye tope la Mabwepande ina injini yenye nguvu kuliko Jeep iliyopigana Vita Kuu ya Pili ya Dunia? Jeep ya Willys ilikuwa na nguvu za farasi 60. Land Rover ya kwanza ya mwaka 1948 ilikuwa na 50 tu. IST ndogo kabisa ina zaidi ya 80. Lakini masika yakikolea, barabara za ndani za Bunju na Mbweni kule Kinondoni, au za Chamazi kule Temeke, hubaki na gari la jeshi lenye namba za JW likijikongoja mpaka ng'ambo, huku magari yetu ya mjini yakisubiri jua.

Siri ni gia. Gari la nyikani lina sanduku la pili la gia, transfa, linalogawa mzunguko kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma. Dereva akiliweka kwenye mwendo wa chini, injini huvuma lakini tairi huzunguka taratibu, na msukumo unaozifikia huongezeka mara mbili au zaidi. Tope halihitaji kasi. Tairi ikizunguka upesi hujichimbia shimo lake yenyewe.

Je, wajua kwamba hata fowili hukwama kwa gurudumu moja la mbele na moja la nyuma? Difu ya kawaida hupeleka mzunguko kule ambako ni rahisi kuzunguka. Gurudumu likining'inia au likikaa kwenye utelezi, ndilo linalozunguka bure, na lenzake lililoshika ardhi imara hutulia tuli. Dawa yake ni kufunga difu ili magurudumu yote mawili yalazimike kwenda pamoja. Magari mengi ya fowili yaliyoko Dar hayana kifungo hicho kwenye difu ya nyuma, na wenye magari hayo hawajui mpaka siku ya kukwama.

Jeep yenyewe ilizaliwa kwa haraka ya vita. Mwaka 1940 jeshi la Marekani liliwapa wenye viwanda siku 49 tu za kuleta gari la majaribio, na aliyewahi alikuwa Bantam, kampuni ndogo ya Pennsylvania. Vita vilipokwisha, Jeep moja iliyouzwa na jeshi ikawa inafanya kazi kwenye shamba la Maurice Wilks huko Wales. Wilks alikuwa mhandisi mkuu wa kampuni ya Rover, na kutokana na Jeep hiyo akapata wazo la Land Rover. Gari la kwanza la majaribio lilikuwa na usukani katikati. Kwa kuwa Uingereza ya wakati huo ilikuwa inagawa chuma kwa kibali, bodi ilitengenezwa kwa mchanganyiko wa alumini. Uhaba huo umetufaa sana sisi watu wa pwani: hewa ya chumvi haiozeshi bodi ya Land Rover hiyo upesi kama bodi ya chuma. Chesesi yake lakini ni chuma, nayo huliwa na kutu kuanzia ndani, kwa hiyo anayenunua gari kuukuu na ainame atazame chini kabla hajaisifia rangi.

Toyota nao waliingia kwa mlango huohuo. Mwaka 1951 waliunda gari waliloliita BJ, wakitazamia kuwauzia polisi wa akiba wa Japani. Zabuni ikaenda kwa Jeep. Hawakukata tamaa, wakalipandisha BJ hadi kituo cha sita cha Mlima Fuji, mahali ambapo gari halikuwa limefika, na kutokana na uzao huo tukapata Land Cruiser. Leo watu wa Temeke wakisema "difenda la polisi limepita", mara nyingi lililopita ni Land Cruiser. Defender ya mwisho ya muundo ule wa zamani ilitoka kiwandani Solihull tarehe 29 Januari 2016.

Kuna moja lililokwenda kinyume, kutoka shambani hadi jeshini. Unimog ya Wajerumani ilibuniwa baada ya vita kwa ajili ya wakulima, na upana kati ya magurudumu yake ulipangwa ulingane na mistari miwili ya viazi. Ekseli zake zimepandishwa juu kuliko kitovu cha gurudumu, ndiyo maana tumbo lake halikwaruzi mawe. Majeshi yalipoona hivyo yakalichukua.

Je, wajua gari la kwanza la vita katika nyika ya Tanganyika lilikuwa nini? Lilikuwa kichwa cha mwanadamu. Katika vita vya 1914 hadi 1918, mbung'o waliua farasi na ng'ombe wa majeshi, na mvua za 1916 zilizamisha magari. Mizigo ikabebwa na watu: unga, risasi, hata vipande vya mizinga. Kwa pande zote wapagazi wanakadiriwa kufikia milioni moja, na upande wa Waingereza pekee waliokufa wanakadiriwa kuwa zaidi ya 90,000, wengi kwa kuhara, malaria na njaa. Wengi wao hawajulikani hata kwa majina. Mjini Dar iko Sanamu ya Askari iliyozinduliwa mwaka 1927. Anayepita pale na amkumbuke pia aliyemtangulia askari huyo akiwa na mzigo kichwani.

Miaka thelathini hivi baada ya vita hivyo ikaja zamu ya Kongwa. Waingereza walianza mradi wa karanga mwaka 1947, na kwa kuwa matrekta yalikuwa adimu, kampuni ya Vickers iligeuza vifaru vya Sherman kuwa matrekta yaliyopewa jina la Shervick. Ardhi ya Kongwa, ambayo wakati wa kiangazi hukauka ikawa ngumu mno, iliyashinda. Mradi ulifutwa mwaka 1951 baada ya kumeza mamilioni ya paundi.

Mtihani mkubwa kuliko yote ulikuwa Kagera. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka, na daraja la Kyaka likavunjwa. Kutoka Dar hadi kule ni zaidi ya kilomita 1,300, mvua za vuli zimeanza, na sehemu kubwa ya njia haikuwa na lami. Magari ya jeshi peke yake yasingetosha. Malori na mabasi ya mashirika na ya watu binafsi yaliingia kazini, wananchi wakatoa ng'ombe na chakula, na wahandisi wa JWTZ wakatandika daraja la Bailey, la vipande vya chuma, juu ya Mto Kagera. Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikaanguka. Tukiwasifu wapiganaji, na tuwasifu pia madereva, mafundi na utingo waliofikisha mafuta na unga. Bila wao hakuna kikosi ambacho kingevuka hata Kyaka.

Je, wajua kwamba Tanzania ina shirika lake la kijeshi la kuunda magari? Liko Kibaha, ukitoka tu Dar kwa Barabara ya Morogoro. Ni Nyumbu, lililoanzishwa rasmi mwaka 1985, na malori liliyoyaunda yamebeba jina hilohilo.

La mwisho linamhusu kila anayeendesha wakati wa mafuriko. Bomba la mkonga linalopanda pembeni mwa kioo huiletea injini hewa safi kutoka juu. Halizuii gari kuelea. Maji yanayokwenda kwa kasi yakifika sentimita 30 hivi yanaweza kusogeza gari dogo, na yakifika 60 hubeba magari mengi, yakiwemo ya fowili. Lori la jeshi likivuka bonde la Jangwani salama, limevuka kwa uzito na urefu wake. Na hata lililovuka bado lina kazi gereji: difu iliyopata moto ikizama ghafla kwenye maji baridi huweza kuvuta maji ndani kupitia tundu lake la kupumulia. Fundi hufungua nati ya chini na kutazama oili. Ikitoka nyeupe kama chai ya maziwa, yote humwagwa na kuwekwa mpya siku hiyohiyo.