Mto mmoja majina matatu: Data za bahari ya Malindi zinahitaji lugha moja

Huko juu mto huu unaitwa Athi. Ukishakutana na Tsavo, unageuka Galana. Ukifika unapomwaga maji baharini, kaskazini mwa mji wa Malindi, wenyeji watakwambia huo ni Sabaki. Maji ni yale yale. Sisi tushazoea, hatuchanganyikiwi. Lakini ipe kompyuta majina hayo matatu uone: itakuhesabia mito mitatu.

Basi hiyo ndiyo shida ya data za bahari.

Mvua ikinyesha bara, Sabaki hushuka na udongo na bahari inageuka rangi ya chai ya maziwa. Wakati wa kusi, tope husukumwa kaskazini. Kaskazi ikivuma, linateremka hadi ghuba ya Malindi na hifadhi ya baharini iliyotengwa 1968. Matumbawe yanahitaji mwanga, na tope linauziba. Kwa hivyo mvuvi na kijana wa boti za watalii wana swali moja: maji yanazidi kuchafuka, ama ni macho yetu tu?

Kujibu, lazima upime. Njia ya kale ni sahani ya Secchi, iliyopewa jina la Mtaliano aliyeijaribu baharini mwaka 1865. Unaishusha majini kwa kamba, unaandika ni mita ngapi ikipotea machoni. Njia nyingine ni kifaa kinachomulika maji na kupima mwanga unavyotawanyika. Kipimo chake ni NTU.

Sasa hebu cheki. Watu wawili wanaandika "uwazi wa maji: 1". Wa kwanza ametumia sahani: mita 1, yaani hapo ni tope tupu. Wa pili ametumia kifaa: NTU 1, yaani maji ni safi. Namba ni moja, habari zinapingana. Ukizitia kwenye jedwali moja, umeharibu kazi ya wote wawili.

Hewani mambo ni hayo hayo. Setilaiti ikitazama bahari, karibu asilimia 90 ya mwanga inaoupata umetoka kwenye hewa, si majini. Ndiyo maana vumbi na moshi wa angani lazima vipimwe pia. Kule Ngomeni, kwenye kituo cha Waitaliano ambacho jukwaa lake la baharini lilirusha setilaiti ya Uhuru tarehe 12 Desemba 1970, kumewahi kuwekwa kifaa cha kazi hiyo. Data zake ziko kwenye mtandao wa AERONET kwa jina CRPSM_Malindi. Kipimo chenyewe wengine hukiita "kina" cha hewa kwa mwanga, wengine "unene". Kitu ni kimoja.

Dawa ipo. Wanasayansi wa bahari na hali ya hewa wana utaratibu unaoitwa CF, ambao toleo lake la kwanza lilitoka 2003. Ndani yake kuna orodha ya majina rasmi, kila jina na maelezo yake na kipimo chake. Ya sahani ni secchi_depth_of_sea_water. Ya kifaa ni sea_water_turbidity. Majina marefu, hayana ladha, lakini programu ikiyasoma haibahatishi. Na hakuna anayekuuliza cheti: yeyote anaweza kupendekeza jina jipya, mradi aeleze vizuri kinachopimwa.

Kwani haya yanatuhusu vipi? Huko Makueni, bwawa la Thwake linajengwa kwenye huu huu mto Athi. Bwawa huzuia udongo. Likianza kazi, kuna watakaosema bahari ya Malindi imesafika, na kuna watakaosema ufuo wao unaliwa kwa kukosa mchanga. Mabishano hayo yatahitaji rekodi za kabla na za baada zinazoweza kulinganishwa. Zile za kabla zinaandikwa sasa hivi, na baada ya bwawa hakuna kurudi nyuma kuzipima upya.

Kwa hivyo, kama wewe ndiye unayeshika simu au laptop ya BMU ya ufuo wenu, usiandike tu "maji machafu". Andika kilichopimwa, kifaa, kipimo, mahali na tarehe. Jina rasmi likiwepo, litumie. Namba isiyo na jina haiwezi kumtetea mvuvi yeyote.