Chanda Chema Huvikwa Pete

Muungano wa wanawake wa Kiukraine nchini Marekani, ulioanzishwa New York mwaka 1925, umesimama kwa jasho la wanachama wanaojitolea. Wametoa jarida lao tangu 1944, wakaanzisha Makumbusho ya Kiukraine jijini humo mwaka 1976, na kuwafadhili wanafunzi. Kazi isiyo na mshahara isipotajwa hadharani husahaulika. Hivyo kuwatunuku wanaoifanya ni kuhifadhi historia ya jamii nzima.

Wapo watakaopinga: tenda wema nenda zako, tena wakati wa vita nchini Ukraine kila senti iwafikie majeruhi. Lakini methali hiyo humfunga mtenda wema, si waliofaidika naye. Na cheti cha shukrani, kinachowavuta wengine kujitolea, kina gharama ndogo kuliko kukosa wa kupokea zamu.