Safari ya Oili Kabla ya Kufika Gereji

Oili ya injini huchanganywa zaidi kuliko inavyotengenezwa. Sehemu yake kubwa, kwa kawaida zaidi ya robo tatu, ni mafuta ya msingi. Kinachobaki ni viungo vya kemikali vya kuzuia kutu, povu na masizi. Kiwanda cha kuchanganya kinaweza kujengwa karibu na bandari yoyote. Mafuta ya msingi ndiyo yenye wenyewe wachache.

Mafuta hayo hugawanywa katika makundi. Yale ya kundi la kwanza husafishwa kwa viyeyusho, njia ya zamani. Kundi la pili na la tatu huchakatwa kwa haidrojeni chini ya shinikizo kubwa, na uzito wa lile la tatu haubadiliki sana injini inapochemka. Magari mapya hutaka oili nyepesi kama 0W-20, ambayo kundi la kwanza haliwezi kuitoa. Ndiyo sababu viwanda vingi vya kundi hilo, hasa Ulaya, vimefungwa.

Soko kubwa kuliko yote ni Asia, China na India zikiongoza, na India hununua nje sehemu kubwa ya mafuta yake ya msingi. Korea Kusini haina visima vya maana, lakini ni miongoni mwa wauzaji wakuu wa kundi la tatu. Ghuba iliingia biashara hiyo kwa kishindo mwaka 2011: Bahrain ilifungua kiwanda Sitra, na Qatar ikaanza kugeuza gesi asilia kuwa mafuta ya msingi huko Ras Laffan.

Ugavi huu una udhaifu wake: sehemu kubwa ya malighafi hutoka katika usafishaji uleule wa petroli na dizeli. Mwaka 2020, ndege zilipokaa chini kwa sababu ya korona, viwanda vilipunguza kazi na mafuta ya msingi yakapungua navyo. Februari 2021 baridi kali ikasimamisha viwanda vya Texas, wakati wanunuzi wakirudi sokoni. Bei zikaruka.

Afrika Mashariki huagiza mafuta ya msingi na viungo vyake. Hata kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe, Mombasa, kilichofanya kazi tangu 1963 hadi 2013, kilikuwa cha nishati, si cha mafuta ya msingi. Oili huchanganywa Mombasa na Dar es Salaam, kisha madumu na mapipa hupanda malori kwenda Kampala, Kigali hadi mashariki mwa Kongo, na nauli huongezeka kila mpaka.

Mahitaji ya hapa nayo ni ya aina yake. Malori ya zamani na magari yaliyotumika hupenda oili nzito, 20W-50 au namba 40, ambayo kundi la kwanza linaitosheleza vizuri. Mafuta mazito kabisa, ya giaboksi na injini za meli, hutoka hasa katika kundi hilo, pamoja na nta ya mishumaa. Kwa hiyo kiwanda kikifungwa Ulaya kwa ajili ya magari mapya, anayeendesha gari kuukuu huku hubakiwa na wauzaji wachache zaidi wa kuagiza kwao.