Mbegu au Miche? Hesabu za Bustani Minneapolis

Aprili 2018, Minneapolis ilipata theluji ya zaidi ya sentimita 60. Tarehe 28 Mei, wiki sita tu baada ya dhoruba ya katikati ya Aprili, joto likafika nyuzi 38. Mboga za baridi hupenya katikati ya hayo mawili, na hapo ndipo pesa zetu hupotelea.

Nianze na kosa la jina. Tuliozoea masoko ya Dar es Salaam au Nairobi, spinachi kwetu ni jani pana lenye bua nene jeupe. Huku mmea huo unaitwa Swiss chard. Pakiti iliyoandikwa “spinach” ni mboga nyingine, fupi na laini, inayostahimili jalidi, lakini mchana ukizidi saa 14 inaacha majani na kukimbilia maua. Minneapolis mchana hufika hapo mwanzoni mwa Mei. Mwaka wangu wa kwanza nilipanda mistari minne, nikavuna sufuria moja. Sasa napanda mstari mmoja, kwa mbegu, mara tu udongo unapochimbika. Kwingine naweka Swiss chard, ambayo huchumwa hadi vuli.

Sukuma wiki ndiyo yenye hesabu. Itafute kwa jina la “collards”. Pakiti ya mbegu ni kama dola 3 au 4, na mbegu zake huwezi kuzimaliza. Trei ya miche 6 ni kama dola 5 au 6. Kwa haraka utaona mbegu ni nafuu. Lakini za kuoteshea ndani mwezi Machi zinataka udongo wake, trei na taa, maana mwanga wa dirishani hurefusha miche ikawa kama nyuzi. Nilipojumlisha, nilipita dola 40. Kwa nyumba yetu miche 12 inatosha: trei mbili, dola 12 hivi, ambazo hurudi baada ya kuchuma mafungu matano au sita ya bei ya dukani. Taa nunua ukiwa na uhakika kwamba hutahama.

Chagua miche mifupi, minene. Ile mikubwa inayovutia macho ikipigwa na baridi ya wiki kadhaa hudhani imeshapita kipupwe, ikachanua. Na usiitoe dukani ukaipanda siku hiyohiyo. Izoeshe upepo wa nje kwa wiki moja.

Brokoli ya majira ya kuchipua siinunui tena. Baridi ikiibana ingali changa, hutoa kichwa cha ukubwa wa kifungo cha koti. Ipandwe Julai, ivunwe vuli.

Kile kitambaa chepesi cheupe cha kufunikia miche, dola 15 hadi 20, huongeza nyuzi joto mbili hivi na hutumika misimu kadhaa. Shuka kuukuu linaokoa usiku mmoja bila gharama, ila likilowa linalalia miche, na asubuhi lazima liondolewe. Mimi huanza na shuka.

Mwenye kadi ya SNAP, ule msaada wa chakula wa serikali, ajue inalipia mbegu na miche ya chakula. Udongo na kitambaa hailipii. Maduka mengine ya bustani hayaipokei kadi hiyo. Supamaketi zinazouza miche mlangoni kila Mei kwa kawaida huipokea.